Momenta Ilikwenda Wapi

Jumatatu, 10 Februari 2025

Mwalimu Asmahani, naanza leo, na naapa sitakuficha kitu. Nikipata sifuri utaijua, nikilia utajua nililia kwa sababu gani. Ulipokuwa unapanda gari la kwenda kwenye kituo chako kipya Kasulu ulinipa daftari hili ukasema, "Aneth, usiniandikie ulichokielewa. Niandikie kinachokusumbua." Mama yake Recho akienda huko kuchukua vitenge vya kuuza, atakuletea.

Kinachonisumbua ni goroli. Siku yako ya mwisho kwetu Kidato cha Pili ulilaza rula mbili juu ya dawati, ukaweka goroli mbili katikati yake. Ukasukuma ya kwanza, ikaigonga ya pili. Ya kwanza ikasimama, ya pili ikaondoka. Ukasema momenta, yaani tungamo mara kasi pamoja na uelekeo wake, haikupotea bali imehama, na kwamba ukijumlisha kabla ya kugongana na baada ya kugongana utapata kilekile. Nikakubali. Lakini ile ya pili ilifika mwisho wa dawati, ikaanguka, ikaviringika kwenye vumbi, ikasimama. Nikakuuliza momenta yake imehamia kwa nani. Ukacheka, ukasema, "Hilo nakuachia wewe."

Umeniachia kweli. Nashindwa kutulia nalo.

Jumatano, 12 Februari

Hatuna mwalimu wa fizikia. Kipindi tumeambiwa tujisomee. Recho amejisomea hadi akakoroma.

Alhamisi, 13 Februari

Mvua imekata. Mahindi yamejikunja majani. Mama anatazama mbingu kama mtu anayemsubiri mgeni aliyechelewa.

Kaka Evaristi amepeleka ndizi leo. Nadhani hujawahi kuona wabeba ndizi wanavyoshuka mteremko wa Rubanga, kwa sababu ulikuwa unaishi upande wa mjini. Baiskeli inafungwa mikungu kushoto, kulia na nyuma mpaka mwenye baiskeli haonekani. Breki za baiskeli haziwezi mzigo ule. Kwa hiyo juu pale kila mbebaji anakata tawi kubwa lenye majani, analifunga nyuma kwa kamba, linaburuzika. Tawi ndiyo breki. Akifika chini kwenye kalavati analifungua na kulitupa, ndiyo maana pale pana rundo la matawi makavu ambako akina mama huokota kuni. Chama chao kina sheria moja tu kali: anayeshuka bila tawi haruhusiwi barabarani mpaka msimu mwingine.

Nimemuuliza, "Kaka, usipofunga tawi inakuwaje?"

"Unakuwa mkungu," amesema. "Unaiva kabla ya siku zako."

Jumatatu, 17 Februari

Naandika haraka, nivumilie mwandiko.

Nilikuwa natoka shule. Recho alikata kwenda kwao, mimi nikashika njia ya mkato inayopita kwenye mihogo na kutokea kwenye kona ya Rubanga. Nikiwa bado ndani ya mihogo nikasikia mlio, kama mtu ameangusha kabati zima la vyombo. Halafu kimya. Nikakimbia.

Cha kwanza kukiona kilikuwa vioo vya taa ya pikipiki, vimemwagika barabarani, vinang'aa. Kuanzia kwenye vioo kulikuwa na mfereji mwembamba uliochimbwa kwenye changarawe, unashuka. Mwisho wa mfereji, hatua nne au tano chini, baiskeli na pikipiki zilikuwa zimelala zimeshikana kama watu waliokuwa wanapigana wakachoka. Pikipiki ilikuwa bado imeelekeza mbele yake juu mlimani. Ndizi zilikuwa zimesambaa mpaka kalavati.

Chini ya pikipiki alikuwepo Nurudini, yule kijana wa bodaboda, mpwa wa Tamimu mwenye duka la vifaa mjini. Mguu wake ulikuwa umekaa vibaya. Hakupiga kelele. Alikuwa anasema tu, "Nitoeni, jamani. Nitoeni taratibu."

Kaka yangu alikuwa ameketi kwenye nyasi, mikono imechubuka, midomo imekauka. Sikuwa nimemuuliza neno. Akaniambia, "Nilikuwa nimesimama, Aneth. Nimesimama pembeni nakaza kamba."

Watu wakajaa. Pikipiki ikainuliwa, Nurudini akalia mara hiyo. Mmoja akapaza sauti, "Mwenye injini huyo! Hawa watatumaliza!" Wote wakaitikia. Huku kwetu, Mwalimu, chombo chenye injini kikigongana na kisicho na injini, kosa linajulikana kabla ya watu kukaa chini.

Jumanne, 18 Februari

Nurudini amelazwa. Mfupa umevunjika chini ya goti. Anasema alikuwa anapanda, akaona baiskeli inamjia kama jiwe, akasogea pembeni na kusimama. Kaka anasema yeye ndiye aliyesimama.

Wote wawili wamesimama. Nani basi aligonga?

Alhamisi, 20 Februari

Mvua. Mama ameimba tangu asubuhi. Mimi nafikiria mfereji ule kwenye changarawe, unavyofutika.

Ijumaa, 21 Februari

Mvua tena. Nimetumia kipindi cha fizikia kufanya hesabu ambayo hakuna aliyenipa. Nilitaka kumsafisha kaka yangu. Nakuambia hilo kwa sababu niliapa.

Kabla ya kugongana: baiskeli imesimama, momenta yake ni sifuri. Pikipiki inapanda, kwa hiyo momenta yote iliyopo inaelekea juu. Baada ya kugongana: vimeshikana, vinakwenda pamoja. Jumla haibadiliki, wala uelekeo wake haubadiliki. Lazima vielekee juu, hata kama ni kwa hatua moja.

Nilichokiona: vilikwenda chini.

Nikadhani nimechanganya alama za kujumlisha na kutoa. Nikaanza upya, nikaita chini chanya na juu hasi. Jibu likawa lilelile. Nikaweka pikipiki imesimama kabisa, kama anavyosema Nurudini: hapo vinakwenda chini bila shida. Nikaweka zote mbili zinatembea: vinakwenda chini iwapo tu baiskeli ilikuja na momenta kubwa zaidi. Kila njia ninayopita, baiskeli ilikuwa inatembea, tena kwa kasi. Imejaa mikungu ya kutosha kuizidi pikipiki kwa uzito, ingawa watu wanasema mwenye mzigo hawezi kuwa na mbio.

Nimemwonyesha Recho. Ametazama, akasema, "Si mlima huo? Kitu kikianguka mlimani kinateremka chenyewe."

Nilimkumbatia. Hakujua kwa nini.

Jumapili, 23 Februari

Baada ya ibada Mama amenivuta pembeni. Ofisi ya kijiji itakaa Jumamosi, na mimi nitaitwa kwa kuwa nilifika wa kwanza.

"Utasema baiskeli ilikuwa imesimama," amesema.

"Mama, sikuiona ikiwa imesimama. Nilifika baadaye."

"Kaka yako amekuambia. Kaka yako ni mwongo?"

Akaendelea kwa sauti ya chini zaidi, na hiyo ndiyo iliyonichoma. "Chama kikimtoa barabarani, hii nyumba itasimama kwa kitu gani, Aneth? Hicho kiatu cha shule kimetoka wapi?"

Naye Nurudini akionekana na kosa, Tamimu atampa mtu mwingine pikipiki. Nurudini ana mama na wadogo zake. Kila upande ninaogeuka kuna mtu anayetoka barabarani.

Jumanne, 25 Februari

Tumekwenda na Recho kumwona Nurudini. Nilifikiri atatufukuza. Ametukaribisha, akatuonyesha plasta, ameandikiwa na wenzake "Mwenda pole".

"Dada wa Evaristi umekuja kuhesabu mifupa?" amenitania.

"Nimekuja kukupa pole, kaka."

"Nimeshapoa. Ila mwambie kaka yako jambo moja. Nilimpigia honi. Nikatoka njiani, nikasimama, mguu chini, huu huu. Angekuwa amesimama kama anavyosema, nani alinifuata kule pembeni?"

Njiani kurudi Recho amesema, "Mimi namwamini." Nimemwambia kuamini si kujua. Ametangulia mbele yangu hadi kwao. Nadhani nilisema kwa ukali.

Jumatano, 26 Februari

Mvua. Siwezi kujaribu chochote mvua ikinyesha. Siku ile barabara ilikuwa kavu. Kwenye matope hata kuku anateleza.

Ijumaa, 28 Februari

Nimemwambia. Alikuwa anajaribu kunyoosha tairi la mbele ambalo limepinda kama chapati. Nilichora kwenye udongo, mshale wa juu na mshale wa chini, nikamweleza kama ulivyotueleza wewe, taratibu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni mlima," akasema. "Mlima uliviteremsha."

"Inawezekana. Basi siku barabara ikikauka tulaze baiskeli yenye mzigo palepale tuone kama itateremka yenyewe. Ikiteremka, mimi ndiye niliyekosea, na nitasema mbele ya watu kwamba nimekosea."

Mwalimu, kaka yangu ndiye aliyenifundisha kuhesabu, kwa vichane vya ndizi. Akasema, "Wewe uko upande wa nani?"

Nilitaka kumwambia jumla haina upande. Nashukuru sikusema. Nilisema, "Wako. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza."

Akarudi kwenye tairi lake. Hatujazungumza tena.

Jumamosi, 1 Machi

Kikao kimeahirishwa, ofisi inavuja.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Waislamu wamefunga. Mama ananipa chakula huku amegeukia pembeni. Goroli bado inanisumbua, usidhani nimeisahau.

Ijumaa, 7 Machi

Jua tangu jana. Barabara imeanza kutoa vumbi. Sijui kama ninafurahi.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika yote, kama ilivyokuwa.

Kikao kilikuwa nje ya ofisi, kwenye mabenchi. Mwenyekiti wetu wa kijiji ni Mzee Havyarimana, anayesikiliza kwa kufumba macho hadi watu wapya hudhani amelala. Nurudini aliletwa na mwenzake, mguu umenyooshwa mbele, na Tamimu mjomba wake akiwa pembeni. Evaristi alisema alikuwa amesimama anakaza kamba. Nurudini alisema yeye ndiye aliyesimama.

"Barabara yetu ina bahati," mtu mmoja akasema. "Vyombo vimesimama na bado vinagongana!" Watu wakacheka.

"Mwenye injini alipe, twende shambani," mwingine akadakia.

Mwenyekiti akafumbua macho. "Aneth yuko wapi?"

Nilisimama. Nilimwona Mama akishika ncha ya kanga yake. Nikasema nilichokiona: vioo juu, mfereji, vyombo chini. Nikasema kama baiskeli ingekuwa imesimama, pikipiki inayopanda ingeisukuma juu, lakini vilisukumwa chini.

"Binti," mzee mmoja akasema, "hapa ni mlimani. Hata mimi nikianguka nateremka."

"Ukiwa umekunywa, ego, ndiyo!" mwingine akamjibu, na vicheko vikalipuka tena.

"Ni mlima," Evaristi akasema. Hakunitazama.

Nikasema, "Mzee, naomba twende tukalaze baiskeli pale. Ikiteremka yenyewe, maneno yangu yote yafutwe."

Nilidhani watakataa. Lakini watu wetu hawawezi kukataa kwenda kutazama kitu. Tulikwenda wote, Nurudini akiwa amebebwa. Benedicto, mbebaji mwenzake kaka, alikuwa na baiskeli iliyofungwa tayari kwa safari. Akatoa baiskeli yake huku ananung'unika, "Mikungu yangu ikipondeka mtaila nyinyi, kesho, keshokutwa, hadi Pasaka."

Wakailaza palepale kwenye kona. Wakaiachia.

Haikusogea.

Mwalimu, sijawahi kutazama kitu kwa namna ile. Nusu yangu ilikuwa inaiambia teremka. Watu waliinama, kama wanaotazama mtoto anayejifunza kutembea. Haikusogea. Tamimu akaisukuma kwa mguu, ikaburuzika kiasi cha kiganja, ikasimama.

"Mlima umekataa," mtu akasema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti alikuwa anafungua mdomo kaka aliposema, "Inatosha. Inueni ndizi za mwenzetu." Halafu akasema, "Sikukata tawi."

Alisema lori la Kasulu lilikuwa limeanza kupakia kule chini, alisikia honi yake, akaona akikata tawi litamwacha. Akasema amekwishashuka mara nyingi, alifikiri anaijua Rubanga. Akamgeukia Nurudini, akachuchumaa mbele ya ule mguu wenye plasta akauinamia tu.

Nurudini akasema, "Bwana, inuka. Utanivunja na wa pili."

Nilitaka kulia na kucheka. Nililia.

Lakini haikuishia hapo. Mwenyekiti akaniuliza, "Na pikipiki, binti? Ilikuwa imesimama au inakimbia?"

Nikajibu, "Sijui, Mzee."

"Hesabu yako haisemi?"

"Inasema baiskeli ilikuwa na momenta kubwa zaidi. Haisemi pikipiki ilikuwa na kiasi gani."

"Hesabu imechoka," mtu akanong'ona.

Basi Mwenyekiti ameamua hivi. Evaristi hashuki Rubanga mpaka msimu mwingine, na atalima shamba la mama yake Nurudini hadi Nurudini aweze kusimama. Kuhusu Nurudini ameliacha wazi, kwa sababu wengine bado wanasema kama hakuwa na mwendo asingeumia vile. Tamimu naye amesema pikipiki itakaa dukani mpaka ijulikane.

Jumapili, 9 Machi

Mama hakwenda ibadani. Amemenya mihogo siku nzima, hata ya kesho.

Jioni akaniambia, "Wewe na hizo goroli zako." Kisha akanisogezea sahani yenye nyama. Sijui maana yake nini. Nimekula.

Jumanne, 11 Machi

Mvua, na nimeelewa! Nilikuwa napita kwenye kalavati, nikasimama mbele ya rundo la matawi. Kila tawi limekwaruzwa upande mmoja, majani yamelika. Yameliwa na barabara. Tawi linaisukuma barabara kwenda chini, barabara inalisukuma tawi kwenda juu. Momenta ya baiskeli inakwenda ardhini, kidogo kidogo, mlima mzima. Ardhi inaipokea yote, na kwa kuwa ni kubwa mno, hatuioni ikisogea. Ndiko ilikokwenda ya goroli yako! Vumbi liliipokea likaipa dunia.

Kaka hakuipa ardhi chochote. Alishuka nayo yote, na kwenye kona akampa Nurudini kwa mara moja.

Nilikuwa na furaha kwa hatua kadhaa. Halafu nikakumbuka mguu ule.

Ijumaa, 14 Machi

Mama yake Recho anaondoka kesho na daftari hili, kwa hiyo naandika haraka.

Leo nimempelekea kaka chakula kwenye shamba la mama yake Nurudini. Nurudini alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni anamwelekeza.

"Tuta la pili hilo, si la kwanza. Evaristi, unalima au unatafuta maji?"

"Shuka wewe uje ulime."

"Nimeshuka na wewe mara moja, inatosha."

Walicheka wote wawili, lakini kaka alinifuata nikiwa naondoka. Alishika mpini wa jembe kwa mikono miwili. Akasema, "Wanamuuliza Nurudini kama alikuwa amesimama. Wananiuliza na mimi. Aneth, nilipoona siwezi kusimama nilifumba macho. Sikuona kitu. Nikisema alisimama, watasema namlipa kwa maneno. Muulize mwalimu wako kama ile hesabu inaweza kujua."

Nimejaribu siku nne, hata kabla hajaniuliza. Baiskeli ina kasi nisiyoijua, pikipiki ina kasi nisiyoijua, na nina mlinganyo mmoja tu. Kila kasi ninayompa kaka, inanipa nyingine ya Nurudini, na zote zinakubali. Nimewaza labda urefu wa mlima unaweza kuniambia kaka alifika kwenye kona na kasi gani, kwa kuwa alishuka bila tawi kutoka juu kabisa, ila hilo hatujafundishwa, na nimekwisha kusoma kurasa za mbele nikakwama. Urefu wa mfereji naukumbuka. Uzito wa mikungu Benedicto amenisaidia kupima. Nimeandika kila kitu ndani ya jalada la nyuma.

Mama yake Recho anarudi Jumanne, na ameniahidi hataondoka Kasulu bila kukuona. Tafadhali mpe jibu mkononi, hata kama ni fupi, hata kama ni hapana: kuna mlinganyo wa pili, Mwalimu, unaoweza kutuambia kama Nurudini alikuwa amesimama?